Tamko Kuhusu Kumbukumbu ya Askofu Edward Steere na Walimu Wake wa Kiswahili

Sisi, wanachama wa chama cha walimu wa Kiswahili na historia, tunatoa tamko hili kwa umma na kwa wenye dhamana ya mitaala, makumbusho na uchapishaji. Imezoeleka kusemwa kwamba mmishenari mmoja wa Kianglikana, Edward Steere, ndiye aliyekipa Kiswahili maandishi na sarufi. Kauli hiyo imerudiwa mno, na sasa inafundishwa kama kweli.

1. Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kupewa upadri. Alikuwa akihudumia parokia ya kijiji cha Little Steeping alipoamua kufuatana na Askofu William Tozer, wakafika Unguja Agosti 1864. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga Mkunazini.

2. Kanisa hilo limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Mwaka 1876 Steere aliwaongoza watu walioachwa huru kutoka Mbweni, Unguja, hadi bara, wakaweka makazi Masasi. Na mwaka 1879 John Swedi, Mwafrika, alipewa ushemasi. Chama hakipunguzi hata chembe ya sifa hizi.

3. Kuhusu lugha, mambo yanahitaji kuelezwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1870 Steere alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Baadaye akashughulikia tafsiri ya Agano Jipya. Maarifa hayo hakuyatoa London. Aliketi na wenyeji, akauliza, akasahihishwa, akauliza tena. Hamisi wa Kayi, kijana wa Kiswahili, alimfafanulia maana alizozitafuta. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanazuoni mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kwa Kiswahili safi. Tunaomba msomaji atue hapa: kadhi wa Kiislamu na padri wa Kikristo juu ya maandiko yaleyale, kila mmoja akibaki katika dini yake, na lugha ikiwa amana ya wote wawili. Hadithi nazo zilisimuliwa na watu wa Unguja. Steere alizisikiliza na kuziandika. Wasaidizi wake aliwataja yeye mwenyewe katika dibaji zake. Aliyewasahau si yeye, ni sisi tuliokuja baadaye.

4. Msimamo wa chama ni huu. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya misheni; nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ingalipo. Sarufi ya mmishenari Ludwig Krapf wa Rabai, karibu na Mombasa, ilichapishwa mwaka 1850. Kwa hiyo kumwita Steere mwanzilishi wa maandishi ya Kiswahili si sahihi, wala hakumheshimu, kwa kuwa kunambebesha mali ambayo yeye mwenyewe alikiri kuwa ya wengine. Heshima yake ya kweli ni uanafunzi wake: alijifunza kwa unyenyekevu Kiunguja, lahaja ambayo mwaka 1928, huko Mombasa, ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

5. Chama kimeazimia kwamba wanachama wake hawatafundisha habari za Steere pasipo kuwataja walimu wake. Tunawataka waandaaji wa mitaala na wachapishaji wa vitabu vya kiada wafanye vivyo hivyo katika matoleo yajayo, na wanaowapokea wageni Mkunazini wayaingize majina hayo katika maelezo yao. Hili si ombi la hisani. Ni deni.

6. Mwisho, chama kinazigeukia familia za Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa na Barawa zenye hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, zilizorithiwa na kufungiwa masandukuni. Tunaziomba zisiziache zikaliwa na mchwa. Ziwaonyeshe wataalamu zinaowaamini, hati zinakiliwe, kisha zirudi kwa wenyewe.