Ubongo hauna mdomo wa kumwagiwa sukari

Mitihani ikikaribia, makomredi wengi hukesha na vitabu, mkebe wa kinywaji cha kuongeza nguvu ukiwa kando. Imani ni kwamba sukari ikiingia kwa wingi, ubongo nao utachapa kazi zaidi. Wengine, wenye mfuko mzito kidogo, hununua maji ya alkali, ati yanaondoa asidi mwilini na kichwa kinakuwa chepesi. Kwa maoni yangu, wote wanachezewa shere.

Ni kweli ubongo ni mlafi. Ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati hata ukiwa umekaa tu, na chakula chake kikuu ni glukosi. Ila glukosi haiingii humo ovyo. Hupita kwenye milango ya protini: GLUT1 kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na GLUT3 kwenye seli za neva zenyewe. Milango hii haingoji insulini kama ile ya misuli, na sukari ya kawaida iliyo kwenye damu inaitosha. Seli nayo huvunja kiasi inachohitaji, basi. Ukibugia nusu lita yenye gramu 50 za sukari (hivyo ni kama vijiko 12 vya chai, wasee!), ile ziada haigeuki kuwa akili. Kinachokufungua macho ni kafeni, na hata strungi ya kibandani inayo.

Na asidi je? Sehemu ya ubongo inapofanya kazi kwa bidii hutoa kabonidioksaidi na asidi ya laktiki. Asidi ikipanda kidogo pale, ni kama honi: mishipa hupanuka, damu yenye glukosi na oksijeni ikaja kwa wingi. Ikizidi sana, kimeng'enya kiitwacho fosfofruktokinasi hupunguza kasi, na uvunjaji wa glukosi hushuka. Asidi ileile ni honi, tena ni breki.

Hayo maji ya bei hayafiki huko kubadilisha chochote. Kwanza yanakutana na asidi kali ya tumbo. Halafu mapafu na figo huilinda pH ya damu isitoke kati ya 7.35 na 7.45, unywe usinywe. Kila ukipumua unatoa asidi, bure kabisa.

Wapo ambao kwao sukari na asidi si stori za mkebe. Mwenye kisukari akikosa insulini, sukari hujaa kwenye damu huku mwili ukichoma mafuta na kutoa asidi ya ketoni. Ataanza kuhema kwa nguvu, kutapika, kuchanganyikiwa, na pumzi yake huweza kunukia kama matunda. Hosteli nzima itamcheka ikidhani amelewa, ilhali huyo ni wa kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo.