Liandikeni jina la Amuli

BARAZANI, na Zuhura Kitwana

Jumanne nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia. Kitambaa nilikipata, tena kwa bei ya kuelewana, na ningerudi nyumbani roho yangu nyeupe kama si kijana mmoja mwongoza wageni niliyemkuta kona ya Mtaa wa Swahili na Mkunguni.

Alikuwa nadhifu, kofia ya ukili kichwani, na mbele yake kikundi cha watu waliosimama shingo juu wakilitazama paa la soko kuu. Si wazungu peke yao. Walikuwamo akina mama wawili wa hapa hapa nchini, kwa lafudhi yao watu wa kusini, wamekuja mjini wakaamua kuuona mji. Mmoja wao, mtu mzima, doti yake ya kanga imefungwa kwa heshima, akauliza swali ambalo sijapata kumsikia mtu akiliuliza barabarani: "Mwanangu, hivi hili nani alilichora?"

Kijana hakusita hata kidogo. "Wajerumani, mama. Ujuzi wa namna hii sisi hatukuwa nao."

Miguu yangu ikagoma kuendelea. Kusema Wajerumani ni jambo moja. Kuongeza kwamba sisi hatukuwa nao ujuzi, tena kumwambia mama aliyekuja kutoka mbali akiwa na hamu ya kujua, ni jambo jingine.

Kabla sijafungua mdomo, muuza kahawa aliyekuwa anasuuza vikombe vyake akadakia: "Wajerumani wapi? Wachina hao. Si ndio waliotujengea na reli?" Msukuma mkokoteni akapita na magunia yake akipiga kelele tupishe njia, na bila kugeuka akasema: "Hili la Nyerere, nyie!" Huyo angalau alikuwa jirani na ukweli.

Nikasogea. Kijana akaniona, akaniamkia kwa adabu, nikaitikia. Nikamwambia: "Mwanangu, soko hili limebuniwa na Mtanzania. Jina lake Beda Amuli, Mwafrika wa kwanza katika nchi hii kuwa mbunifu majengo. Lilifunguliwa mwaka 1975, Wajerumani wameshaondoka karibu miaka sitini." Akatabasamu lile tabasamu la kumwondoa mtu mzima bila kumvunjia heshima. "Asante sana mama, ila kwenye maelezo tuliyopewa wameandika Wajerumani." Akawapungia wageni wake mkono, akawavusha barabara kwenda kuona vitenge. Yule mama wa kanga aligeuka nyuma mara moja kunitazama, na naamini alitaka kubaki.

Kijana hakuokota Wajerumani hewani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walijenga banda la soko pale, na Waingereza walipouchukua mji wakaweka kambi ya wapagazi wao wa vita, wale Carrier Corps ambao jina lao ndilo lililozaa Kariakoo. Lakini banda hilo silo alilokuwa akilitazama mama. Mama alikuwa akiitazama miavuli.

Kwa mliopita pale mara mia na begi mkononi mkichunga simu zenu, naomba siku moja msimame, mgeuze macho juu. Amuli alichukua zege, kitu kizito kisicho na huruma, akalifanya lifunguke juu ya vichwa vya watu kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, mmoja kando ya mwingine. Mvua ikinyesha, mwavuli wa kawaida unamwaga maji pembeni, yanamlowesha jirani. Miavuli ya Amuli inayapokea maji katikati na kuyateremsha hadi kwenye matangi chini ya jengo. Katika mji ambao watu wake wanapanga foleni na ndoo, mbunifu alilifanya paa la soko kuwa chombo cha kukinga maji, na akalifanya liwe zuri. Hakubandika pambo juu ya kazi. Kazi yenyewe ndiyo iliyo pambo.

Pembeni aliacha wazi. Upepo unaingia, joto linapanda na kutokea juu, mwanga unashuka katikati ya miavuli bila kumpiga muuza mchicha usoni. Hakukuwa na haja ya mashine ya kupoza hewa. Na chini ya yote hayo akachimba ghorofa nzima, ile tuliyoizoea kuiita Shimoni, ambako mizigo inateremka kwa jumla, viazi na vitunguu na nyanya, ili juu pabaki kwa mama wa reja reja na mteja wake. Mtu aliyepanga hivyo alikuwa amekaa sokoni akatazama. Alijua gunia linabebwaje, linapita wapi, linamgonga nani.

Hii ni sanaa. Nasema hivyo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama mchongaji wa Kimakonde anayelitoa umbo kwenye mpingo anaitwa msanii, na kama Edward Saidi Tingatinga aliyepaka rangi kwenye vibao anaitwa msanii, basi aliyelikunja zege likawa kivuli cha maelfu ya watu naye ni msanii, na sokoni ndimo tulimokuwa tukitembea ndani ya kazi yake tukiwa tumebeba samaki.

Nilifika nyumbani nikiwa bado nina moto. Nikamkuta mpwa wangu, anayesomea ubunifu majengo, nikamsimulia. Naye kwa furaha akanifungulia picha kwenye kompyuta yake: "Shangazi, hebu ona hii basi, utaipenda." Ilikuwa banda alilolibuni Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando kule Burkina Faso, mwaka 2017, katika bustani ya Kensington Gardens jijini London. Jumba la sanaa la Serpentine lililomo katika bustani ile limekuwa likimwalika mbunifu kujenga banda la majira ya joto tangu mwaka 2000, na wa kwanza alikuwa Zaha Hadid. Banda linasimama miezi michache, watu wanakaa humo, wanasikiliza muziki, wanakunywa chai, kisha linafumuliwa.

Na mpwa wangu alisema kweli, nimelipenda. Kuta za mbao za buluu ya nili, ile rangi ambayo kijana wa Gando huivaa siku kubwa. Paa pana linalotanda juu kama mti wa kijijini ambao watu hukutana chini yake, ndivyo Kéré mwenyewe alivyolieleza. Na katikati paa linainama, mvua ikinyesha maji yanaporomoka ndani ya banda kama maporomoko, yanakusanywa yakamwagilie bustani. Walikuja watu wa mataifa yote wakashangaa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, Kéré akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake. Amejenga pia hapa jirani, Turkana, chuo cha vijana wa teknolojia chenye minara ya kutolea joto iliyochukua umbo la vichuguu vya mchwa. Heshima yote anayopewa anastahili.

Lakini paa linalokusanya watu kivulini na kulikinga tone la mvua lisipotee, sisi tunalo tangu 1975, tena halikujengwa kwa majira mamoja. Nikamuuliza mpwa wangu: "Kariakoo umewahi kwenda kulitazama soko?" Akajibu kwa unyofu: "Nimekwenda kununua viatu, shangazi." Anaweza kukutajia mabanda ya London mwaka kwa mwaka, nani alibuni na kwa nyenzo gani. Jina la Amuli alilisikia kwa mara ya kwanza mezani kwangu, mbele ya sahani ya wali.

Nani wa kulaumiwa? Simlaumu mpwa, wala yule kijana wa kofia ya ukili aliyepewa karatasi akaisoma. Naulaumu mtindo wetu wa jiwe la msingi. Nendeni kwenye shule, zahanati, daraja au stendi yoyote katika nchi hii, mtakuta jiwe limesuguliwa likang'aa, na juu yake herufi za dhahabu: limewekwa na mheshimiwa fulani, mgeni rasmi, tarehe fulani. Aliyekuja asubuhi akakata utepe, akala biriani na kuondoka, ndiye anayebaki ukutani hadi kiyama. Aliyekesha miezi na penseli akiwaza mvua itapita wapi hayumo. Fundi aliyesuka nondo hayumo. Mtoto anayejifunza kusoma kwa kutazama kuta za mji wake anajifunza kwamba majengo huzaliwa na wageni rasmi.

Jirani zetu Wakenya wametushinda hapa. Jengo la mikutano la KICC la Nairobi, kazi ya David Mutiso na Mnorwei Karl Henrik Nøstvik, lilifunguliwa mwaka 1973, na noti walizozitoa mwaka 2019 zote zina jengo hilo usoni. Mkenya ananunua sukuma wiki na kazi ya wabunifu wake mkononi. Sisi tulikuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nyuma ya noti ya shilingi mia tano, kisha ikaja sarafu, nyati akachukua nafasi. Sina ugomvi na nyati. Ila wanyama tunao wengi kwenye fedha zetu.

Kuna wakati mmoja tu tunapouliza nani alijenga. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo, likaua watu, na nchi nzima ikauliza kwa sauti moja: nani alilijenga, nani aliidhinisha, jina lake nani? Tulikuwa na haki ya kuuliza, na wafiwa wana haki ya kujibiwa. Lakini tazameni maana yake: jengo likiua, tunalidai jina. Jengo likiwalisha watu kwa miaka hamsini, hatulidai. Soko la Amuli liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, wafanyabiashara wakalia mali zao zote, na asubuhi yake miavuli ilikuwa bado imesimama juu ya majivu. Sikusikia hata redio moja siku ile ikiuliza ni nani aliyeijenga hivyo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua ugomvi wangu na vioo vya buluu vinavyovikwa maghorofa mapya. Hasira yangu ya vioo na hasira hii ya Jumanne zina mama mmoja. Mji usiomjua aliyejua kuujengea utamwamini kila anayekuja na kitabu cha picha za Dubai. Utauziwa sanduku la kioo linalotaka kiyoyozi mchana na usiku, katika mji ambao Amuli alishauonyesha namna ya kupumua bure.

Kwa hiyo nadai, na nitaendelea kudai hapa Barazani kila nikipata nafasi. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa ajili ya kulikarabati soko na kujenga jengo jipya kando yake. Katika fedha hizo kibao cha jina hakikosi pa kutokea. Kiwekwe pale ambapo mtu anaingia na kikapu, si ofisini kwa meneja. Kiseme kwa herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara: Beda Amuli, mbunifu. Mabango ya biashara yasiifunike miavuli. Waongoza wageni wapewe karatasi mpya, na ile ya Wajerumani ichanwe. Walimu wa ubunifu majengo wawapeleke wanafunzi wao Kariakoo wakati wa mvua kubwa, wasimame chini ya paa lile waone maji yanakwenda wapi.

Na siku ya kukizindua kibao hicho, mgeni rasmi akaribishwe kwa heshima zote, akate utepe, apigiwe makofi na ale biriani, ila jina lake lisiandikwe.