Mkesha Haulipi Deni

Imekita mizizi katika makanisa yetu itikadi moja, inayotamkwa kwa nia njema na kusadikiwa pasipo kuhojiwa, ya kwamba dua isiyojibiwa ni dua iliyopungua: imepungua urefu, au sauti, au siku za kufunga, au saa za mkesha. Anayelalamika kwamba ameomba mwaka mzima bila jibu huambiwa aongeze. Aliyefunga siku 3 afunge 7, na aliyefunga 7 afunge 21. Walakini ni nadra mtu kumwuliza habari za mizani ya dukani mwake, au za ndugu aliyemdhulumu sehemu ya shamba la marehemu baba yao, au za mke anayelala na machozi. Naipinga itikadi hiyo, kwa kuwa inamsingizia Mungu uziwi ili impumzishe mwombaji na hesabu ya matendo yake.

Ijumaa moja jioni nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani, akatoka mama wa nyumba, kitenge amekifunga vizuri, Biblia kwapani, chupa ndogo ya mafuta ya upako mkononi, yu tayari kwenda kukesha. Binti anayempikia na kumfulia akamfuata hadi mlangoni, mikono ingali ina povu la sabuni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, nyumbani wamepiga simu, mdogo wangu amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada. Nilikuwa naomba ule mshahara wangu wa miezi miwili." Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, Bwana ni mwema, tumwombe tu, mwisho wa mwezi atafanya njia," akaenda zake. Haja aliyokwenda kuililia naijua, maana alikuwa amekwisha kunieleza: mumewe apandishwe cheo.

Basi usiku ule maombi mawili yalipanda kutoka nyumba moja, la kwanza kwa vipaza sauti na vigelegele, la pili kutoka kwenye mkeka wa jikoni, pasipo sauti. Na anayetaka kujua ni lipi lililotangulia kufika, na aufungue Waraka wa Yakobo, sura ya 5, aone inavyonenwa kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unalia wenyewe, na kilio chao kimekwisha kumfikia Bwana wa majeshi.

Wala Yakobo hakuzua jambo jipya. Isaya, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwaambia watu wa Yerusalemu, ambao sadaka zao zilikuwa nyingi na sikukuu zao hazikukatika, kwamba Mungu haitazami mikono wanayomnyoshea kwa sababu ina damu. Na katika sura ya 58 wale walionung'unika kwamba wamefunga wasionwe wanajibiwa kwamba siku ile ile ya saumu waliwakandamiza wafanyakazi wao. Petro, mtume aliyekuwa na mke, anamwonya mume kwamba asipomheshimu mkewe, maombi yake huzuiliwa. Naye Bwana Yesu, akifundisha Galilaya, aliamuru kwamba mtu akikumbuka mbele ya madhabahu kuwa ndugu yake ana kinyongo naye, aiache sadaka pale pale akapatane naye kwanza. Madhabahu yenyewe ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka makwao wasikilizaji wale. Hata hivyo hakumruhusu mtu amalize ibada ndipo aende, bali alimtaka ageuke, aikanyage tena njia ile yote, apige hodi kwa nduguye.

Najua hoja nitakayojibiwa nayo: kwamba tunakubaliwa kwa neema, wala si kwa matendo, na kwamba yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisikilizwa hali hana jema la kuonyesha. Ni kweli, nami naishika kweli hiyo kwa mikono miwili. Lakini msomaji asifunge kitabu hapo, kwani katika sura inayofuata Luka anatuletea mtoza ushuru mwingine, Zakayo, ambaye neema ilipoingia nyumbani mwake alisimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akaahidi kurudisha mara 4. Neema humpokea mwizi aliye mikono mitupu. Anayekuja ameikumbatia mali ya mwenziwe hana mkono wa kuipokelea.

Wala sisemi kwamba kila dua iliyokawia ina dhambi nyuma yake: rafiki zake Ayubu walisema hivyo wakakemewa, na Paulo aliomba mara 3 aondolewe mwiba wake, asiondolewe. Nasema kwamba mwenye deni analolijua hana ruhusa ya kujifariji kwa habari za Ayubu.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, haukujulikana kwa nyimbo zake peke yake. Ulijulikana kwa watu waliokwenda kwa miguu yao wenyewe kurejesha walichoiba, kulipa deni walilolificha, na kuwataka radhi wake zao na jirani zao hadharani. Hata asiyesali aliweza kusadiki kwamba toba ile ni ya kweli, kwa kuwa alirudishiwa mali yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya mkesha wa Ijumaa ijayo, hesabu ujira wa binti aliye jikoni mwako, umtie mkononi mpaka senti ya mwisho, umtake radhi kwa kumchelewesha. Ndipo uchukue Biblia yako uende. Huenda ukaomba maneno machache kuliko ulivyozoea, lakini hapatakuwa na kilio nyumbani kwako kinachoshindana nayo.