Kitunguu Saumu Hakitaki Joto la Kivungulio

Hapana shaka wakulima wa Meru na Embu wana haki ya kutafuta zao jipya. Mwaka 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Mwaka 2020 Somalia nayo ikafunga mlango wake, isiufungue hadi 2022. Muguka wa Mbeere ulikumbwa na amri za kaunti za Mombasa na Kilifi mnamo Mei 2024, mahakama ikazisimamisha kwa muda. Anayetegemea zao la namna hiyo hulala sikio likiwa redioni.

Ndipo kitunguu saumu kinapotajwa, na hoja yenyewe ina mashiko. Sehemu kubwa ya vitunguu saumu vinavyouzwa nchini hutoka China, nchi inayozalisha takriban robo tatu ya vitunguu saumu vyote duniani. Lakini vijana huambiwa pia kwamba, shamba likiwa dogo au eneo likiwa la joto, wajenge kivungulio, ile nyumba ya plastiki, wapande humo katika magunia na ndoo. Ushauri huo unachanganya mambo mawili yasiyolingana.

Kitunguu saumu ni mmea wa baridi. Punje iliyopandwa huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi ndipo ifanye kichwa chenye punje. Ikiukosa, huota majani ya kupendeza macho, na chini usipate cha kuuza. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana hauwi mrefu kiasi cha kuuchochea mmea kama ilivyo ng'ambo, hivyo baridi ya mwinuko ndiyo tegemeo. Timau, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, hukikuza pasipo plastiki yoyote. Kujenga kivungulio Mbeere kwa ajili ya zao hili ni kumvika koti mtu anayetokwa jasho. (Nyanya ni habari nyingine.)

Ndoo na gunia, kwa upande mwingine, vina faida ya kweli. Kuvu wa ugonjwa wa uozo mweupe huweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi, hata pasipopandwa kitu. Katika ndoo iliyotobolewa chini, yenye kina cha sentimita 20 hivi, udongo safi na samadi iliyooza, mkulima huutawala udongo wake. Sharti mbegu nayo iwe safi: punje za sokoni zaweza kubeba kuvu uo huo, na zilizotoka nje huenda zilitibiwa zisichipue.

Hapa ndipo walimu wanapohitajika. Vilabu vya 4-K vilifufuliwa mwaka 2021. Visiishie kwenye nyimbo na sukumawiki. Shule moja ya Timau, moja ya Runyenjes na moja ya Siakago zaweza kupanda mbegu moja siku moja, ndoo kadhaa nje na nyingine ndani ya kivungulio kilichopo tayari, wanafunzi wakipima joto kila alasiri. Baada ya miezi mitano hivi, vichwa vitiwe kwenye mizani. Matokeo yabandikwe penye ofisi ya chifu, ili kijana anayetaka kukopa fedha za kivungulio ayasome kabla hajatia sahihi.