Vidonge vya Chuma Kisiwani Pemba

Gari la afya lifikapo kijijini Pemba na dawa ya kichocho, hawakosekani wazazi wanaowazuia watoto wao nyumbani. Aghalabu wataalamu huwaita wazazi hao wajinga. Neno hilo si la haki, wala halimponyi mtu. Mzazi aulizaye dawa imejaribiwa kwa nani na imedhuru wangapi anauliza swali lile lile ambalo mwanasayansi hulipwa mshahara ili aliulize.

Pemba inalo jibu lake yenyewe. Hapo zamani wataalamu wengi wa dunia walishikilia kwamba, penye upungufu mwingi wa damu, watoto wadogo wote wapewe madini ya chuma bila ya kupimwa mmoja mmoja. Mwaka 2002 rai hiyo ilianza kujaribiwa kisiwani humo. Watoto 24,076, wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo viwili pamoja na zinki, na wengine vidonge visivyo na dawa yoyote. Wagawaji wenyewe hawakujua nani kapewa nini. Kando yao iliwekwa kamati huru ya kuangalia hesabu za waliolazwa na waliofariki.

Mwezi Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Waliovimeza walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali. Tofauti ya kadiri hiyo haionekani kwa macho. Mganga wa kijiji angemwona mtoto mmoja akizidiwa na homa hapa, mwingine kule, naye angeilaumu malaria. Hakuna ambaye angekishuku kidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likarekebisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Wapo wasomi waonao kwamba habari hii isienezwe, isije ikawapa silaha wenye shaka. Hoja hiyo ni dhaifu, na ina harufu ya dharau. Watoto walioumia ni wa Pemba. Kuwaficha wazee wao ni kuwaachia wavumi waisimulie habari watakavyo, nao watasimulia nusu tu. Hawatasema kwamba miongoni mwa watoto waliochunguzwa kwa karibu na kutibiwa malaria, wale waliopungukiwa na chuma kwa kweli walinufaika. Wala hawataitaja Nepal, ambako jaribio la namna hiyo, mahali pasipo na malaria nyingi, halikuonyesha madhara hayo. Kusema "chuma ni sumu" ni kosa sawa na kusema "chuma kinamfaa kila mtoto".

Mwalimu wa baiolojia wa Wete au Mkoani hana haja ya kutafuta mfano Ulaya. Awaulize wanafunzi wake kwa nini kundi la vidonge vitupu lilihitajika, na kama ilikuwa haki kuliweka.

Na kuhusu dawa ya kichocho, mzazi aambiwe wazi kwamba huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa mtoto akiimeza na njaa. Aambiwe hivyo kabla ya mtoto kumeza, si baada ya kutapika.