Nguo si Elimu?

Nilipotamka kwamba nataka kuutoa umri wangu katika elimu ya nguo, msomi mmoja, mtu wa heshima kwangu, aliniuliza kama nilikwenda chuoni ili nirudi Chitete kushona viraka. Wenzangu walicheka. Siku ile adabu ilinifunga kinywa, namjibu leo.

Bara Hindi nguo ni elimu kamili. Mji wa Ahmedabad una makumbusho ya nguo tangu mwaka 1949, na mwaka 1955 lilianza kutoka jarida la historia ya nguo za Kihindi, mhariri wake akiwa John Irwin wa London. Wako watu waliomaliza maisha yao katika uzi, rangi na chapa, wala hawakuitwa washona viraka.

Nasi tuliozivaa nguo hizo je? Kaniki ilitoka Bara Hindi, merikani ikabaki na jina la nchi ilikofumwa. Zikapanda bara kwa doti na jora vichwani mwa wapagazi. Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, aliziorodhesha aina kwa aina kama karani wa forodha. Hakufanya hivyo kwa mapambo. Msafiri aliyechukua nguo isiyopendwa katika nchi aiendeayo alilala na njaa. Basi mvaaji wa bara, ambaye hutajwa kama mpokeaji tu, ndiye aliyemwamuru mfumaji wa Kachi na wa Massachusetts. Hiyo si historia?

Wala bonde la Rukwa halikukaa uchi likingoja majahazi. Watu wake walilima pamba, wakasokota uzi kwa mkono, wakafuma kwa kitanda cha mfumi kilicholazwa chini. Na kwa kuwa pwani ni mbali, kazi hiyo ilidumu hata karne ya 20, ilhali kwingi ilikwisha kufa. Katharine Frederick ameyaeleza hayo katika kitabu cha mwaka 2020, kwa Kiingereza, nami namshukuru. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyekaa na wazee wa Chitete na Kamsamba akawauliza, kwa Kinyamwanga, jina la kila kijiti cha mtambo ule? Wazee hao hawatungoji tumalize kucheka.

Fedha za utafiti nimenyimwa. Nauli ya basi mpaka Tunduma ninayo.