Kebo moja, idara tatu

Jumatano iliyopita, saa tatu usiku, kurasa zikiwa karibu kwenda mitamboni, fundi aliyekuja kusogeza kabati akaling'oa waya kwa bega. Ghorofa yetu nzima ikakatika. Sisi wa uhariri, jirani zetu wa uhasibu, na intaneti ya wageni kwenye chumba cha mikutano, wote kwa mpigo.

Mimi nilishangaa zaidi ya kukasirika. Siku zote tumeambiwa kwamba mtandao wa uhariri "hauna uhusiano wowote" na ule wa wageni. Sasa imekuwaje bega moja limeiua yote?

Kijana wetu wa kompyuta akanieleza, nami nikaenda kujisomea. Ile mitandao mitatu ni VLAN, yaani imetenganishwa kwa mpangilio ndani ya swichi, si kwa nyaya. Kati ya swichi ya chini na ya juu inapita kebo moja tu, inayoitwa tranki. Bila tranki ungehitaji kebo tatu, moja kwa kila VLAN. Kwa hiyo swichi inabandika lebo ya baiti 4 kwenye kila fremu kabla ya kuituma. Humo mna biti 12 za namba ya VLAN, zinazotosha VLAN 4,094. Swichi ya upande wa pili inasoma namba, inabandua lebo, na kuipeleka fremu kwenye poti za VLAN hiyo pekee. Utaratibu huu, 802.1Q, upo tangu 1998. Ni kama vifurushi kwenye buti la basi la Mbeya: buti ni moja, konda anaangalia namba.

Ni ufundi mzuri, sina ugomvi nao. Nani ana fedha za kuweka nyaya mara tatu?

Ugomvi wangu ni neno "hauna uhusiano". Lebo haifichi kilichomo. Na swichi nyingi zikiachwa zilivyotoka kiwandani, tranki inapitisha VLAN zote, hata zisizohitajika upande wa pili. Kuna nyingine ambazo poti yake ipo tayari kugeuka tranki yenyewe ikiombwa. Yaani mgeni mwenye laptopu na programu ya kujifanya swichi anachomeka waya kwenye chumba cha mikutano, anajipatia namba zote. Zetu sisi pia.

Jamani, sisi tunaandika habari za watu wanaoweza kufukuzwa kazi kwa kuongea nasi. Majina yao yamo kwenye mafaili yetu. Wahariri wanaojua kubishana nusu saa juu ya koma moja hawajawahi kuuliza ni VLAN zipi zinaruhusiwa kupita kwenye tranki ile. Kuziorodhesha, na kuzifunga poti za chumba cha mikutano zisigeuke tranki, ni amri chache za kuandika. Hazihitaji bajeti, wala kikao.

Nimemuuliza kijana wetu. Anasema anajua kuzifanya, ila hajapewa ruhusa ya kugusa swichi "inayofanya kazi".

Kebo imerudishwa. Imefungwa gundi ya karatasi, juu yake pameandikwa USIGUSE kwa kalamu nyekundu. Poti za chumba cha mikutano zipo vilevile, na mimi majina ya watu wangu nimeyarudisha kwenye daftari.